Kwenda kutazama kikapu cha vyuo Marekani: lijue jengo kabla ya kununua tiketi

Katika miji mingi ya Marekani ambako watu wetu wamefikia, timu kubwa ya mji si ya NBA, ni ya chuo. Ndivyo ilivyo Lexington na Louisville kule Kentucky, ambako Wakongo wanaozungumza Kiswahili ni wengi. Ndivyo ilivyo Iowa City, na Syracuse katika jimbo la New York. Familia inafika, wazazi wanapata kazi, watoto wanaanza shule, na kabla mwaka haujaisha mtoto anarudi nyumbani na fulana ya buluu, anauliza ni lini mtampeleka Rupp Arena, ukumbi wa kikapu wa Lexington.

Wazazi hao huniuliza swali moja: tiketi zinanunuliwa wapi? Swali ni zuri ila linakuja mapema. Anza na jengo. Kumbi za vyuo hazifanani. Upo wa watu elfu tisa uliojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, upo wa watu zaidi ya elfu ishirini katikati ya jiji, na upo ambao Jumamosi moja ni uwanja wa mpira wa Kimarekani na wiki inayofuata ni wa kikapu. Jengo ndilo linaloamua kiti kipi kinafaa, bibi atashuka ngazi ngapi, uvae nini, na gari uliache wapi. Ukilielewa, hata tiketi ya bei ya chini itakupa jioni njema. Usipolielewa, unaweza kutoa pesa nyingi ukaishia kutazama mechi yote kwenye skrini.

Hatua ya kwanza: jua ni jengo la aina gani

Tuanze na kumbi kongwe, maana ndizo zilizoupa mchezo huu sifa. Palestra ya Philadelphia ilifunguliwa 1927, Hinkle Fieldhouse ya Indianapolis 1928, Cameron Indoor Stadium ya Durham, North Carolina, 1940, na Allen Fieldhouse ya Lawrence, Kansas, 1955. Palestra haifiki watu 9,000. Cameron inaingiza 9,314. Watu wamebanana karibu kabisa na mstari, na kelele ikipanda haina pa kutokea. Allen Fieldhouse ni kubwa zaidi, watu zaidi ya 15,000, na Februari 2017 kelele zake zilipimwa zikafika desibeli 130.4, rekodi ya dunia kwa michezo ya ukumbini. Kama unakwenda huko na mtoto mdogo, mnunulie vifunika masikio vya watoto. Hilo si la kusubiri ufike.

Majengo haya yana adha zake. Sehemu kubwa ya viti vya Palestra na Allen Fieldhouse ni mabenchi marefu yasiyo na egemeo, kwa hiyo mwenye maumivu ya mgongo aulize kwanza kama tiketi yake ni ya kiti au ya benchi. Njia za ndani ni nyembamba na foleni za vyoo ni ndefu. Kula nyumbani, fika mapema, nenda chooni kabla mpira haujarushwa.

Cameron, ukumbi wa chuo cha Duke, ina jambo lake peke yake: viti vya chini, kando ya mstari, ni vya wanafunzi, nao husimama mechi nzima. Mechi za wanaume za ligi ya ACC hazina tiketi nyingi za watu wa nje, na zinazopatikana huuzwa ghali. Anayetaka kuliona jengo lenyewe, kuzigusa kuta zake za mawe na kuona jinsi kiwanja kilivyo karibu, anunue tiketi ya mechi ya wanawake ya Duke. Ukumbi ni uleule, na bei ni sehemu ndogo tu ya ile nyingine.

Lawrence nayo ina faida ambayo wageni wengi wanaipita bila kujua. James Naismith, aliyebuni mchezo huu Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, alihamia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1898 akawa kocha wa kwanza wa chuo hicho. Karatasi zake za kanuni 13 za mwanzo, zilizopigwa kwa taipureta, zimewekwa katika DeBruce Center, jengo lililopakana na Allen Fieldhouse. Kama una watoto, tenga saa moja mkaziangalie kabla ya mechi. Mtoto anayecheza kikapu kila siku shuleni ataona kwamba mchezo wote ulianzia kwenye kurasa mbili.

Aina ya pili ni kumbi zilizochimbwa ardhini. Carver-Hawkeye Arena ya Iowa City, iliyofunguliwa 1983, ni ya namna hiyo, na The Pit ya Albuquerque, New Mexico, iliyofunguliwa 1966, ni hivyohivyo. Kiwanja cha The Pit kiko futi 37, yaani kama mita 11, chini ya usawa wa ardhi. Unaingia kwa usawa wa barabara na tayari uko juu kabisa ya viti. Kiwanja kiko chini yako. Hii inageuza hesabu ya viti tuliyoizoea. Katika ukumbi wa kawaida tiketi ya bei ya chini maana yake ni kupanda. Hapa tiketi ya bei kubwa ndiyo yenye ngazi nyingi, tena kuzishuka ni rahisi, kuzipanda wakati wa kuondoka ndiyo kazi. Mama mzazi aliyekuja kuwatembelea kutoka Uvira au Arusha, magoti yake hayako sawa, atafurahi zaidi kwenye safu za juu karibu na mlango. Ataona kiwanja chote, na choo kiko hatua chache nyuma yake.

Iowa City inastahili neno la ziada. Caitlin Clark alicheza hapo kuanzia 2020 hadi 2024, na tarehe 3 Machi 2024, ndani ya Carver-Hawkeye, aliipita rekodi ya pointi 3,667 ya Pete Maravich, akawa mfungaji bora wa vyuo wa daraja la kwanza, wanaume kwa wanawake. Msimu ule tiketi za wanawake zilikuwa ngumu kupata kuliko za wanaume. Kwa hiyo unaposikia kwamba mechi za wanawake ni za bei nafuu, na kwa kawaida ni kweli, usilichukulie hivyo kwa kila chuo.

Aina ya tatu ni kumbi kubwa za mji zenye matumizi mengi. Rupp Arena ya Lexington ilifunguliwa 1976 na sasa ina viti takriban 20,500. Iko katikati ya mji, imeunganishwa na kituo cha mikutano, na si mali ya chuo. KFC Yum! Center ya Louisville, ukingoni mwa mto Ohio, ilifunguliwa 2010 na inaingiza kama watu 22,000. Aliyewahi kuingia BK Arena ya Kigali, yenye nafasi ya watu 10,000, apige mara mbili na zaidi kidogo ndipo apate picha ya kumbi hizi. Leo ni kikapu, kesho muziki, keshokutwa mahafali. Hapa faida ni nyingi: viti vyenye egemeo, lifti, vyoo vingi, vyakula vya kila namna, maegesho ya ghorofa mitaa ya jirani. Hasara ni umbali. Kiti cha juu kabisa ni cha juu kweli.

Katika kundi hilo zimo kumbi zenye barafu, nazo zina siri yake. Value City Arena ya Columbus, Ohio, mji wenye watu wengi wa Afrika Mashariki, ilifunguliwa 1998 na hutumiwa na Ohio State kwa kikapu na kwa hoki ya barafu. Madison Square Garden ya New York ni hivyohivyo. Wafanyakazi hawayeyushi barafu kila mara. Huifunika kwa mbao za kuzuia baridi, kisha juu yake hupanga vipande vya sakafu ya mti wa mepo vinavyoungwa kwa pini, na baada ya saa chache kuna kiwanja. Sasa fanya hesabu. Kiwanja cha barafu kina urefu wa futi 200 na upana wa futi 85. Kiwanja cha kikapu ni futi 94 kwa 50. Ukikiweka kimoja katikati ya kingine, pembeni inabaki kama mita 5 kila upande, lakini nyuma ya kila goli inabaki kama mita 16. Nafasi hiyo hujazwa viti vya kukunja na majukwaa ya kuvuta. Viti vya kudumu vya nyuma ya goli, hata vile vinavyoitwa vya chini kwenye ramani, viko mbali kuliko unavyodhani, na majukwaa ya kuvuta hayana mwinuko wa kutosha. Akikaa mtu mrefu mbele yako, basi. Katika kumbi za barafu nunua pembeni, hata kama ni safu za juu zaidi.

Ya nne ni viwanja vya mpira wa Kimarekani vinavyogeuzwa. Kuba la Syracuse lilifunguliwa 1980, na tangu 2022 linaitwa JMA Wireless Dome. Kiwanja cha kikapu huwekwa upande mmoja wa uwanja, si katikati. Februari 2019 watu 35,642 walijazana humo kuiona Syracuse ikicheza na Duke. Fainali za taifa za wanaume za mwezi Aprili nazo huchezwa katika viwanja vya namna hii, na kiwanja huinuliwa juu ya jukwaa katikati. Mwanzo wa habari hii ni Januari 1968, Houston ilipoikaribisha UCLA ndani ya Astrodome mbele ya watu 52,693. Ukipata tiketi ya fainali ya kiti cha mbali, chukua darubini ndogo. Utakuwepo, utasikia watu, utajua umeshuhudia jambo kubwa, ila wachezaji utawaona wadogo sana.

Kuna pia majengo mawili ya kipekee niliyoyataja kwa watu mara nyingi. Memorial Gymnasium ya Vanderbilt mjini Nashville, ya 1952, imeweka mabenchi ya timu nyuma ya magoli badala ya kando. Ukinunua kiti cha pembeni ili uwe karibu na makocha, hutawapata huko. Na Williams Arena ya Minneapolis, ya 1928, ina kiwanja kilichoinuliwa, hivi kwamba wachezaji wa akiba huketi chini ya usawa wa sakafu. Katika kumbi zote mbili, viti vya safu za mwanzo kabisa vinakufanya utazame kwa kuinua shingo. Panda kidogo.

Hatua ya pili: chagua mechi

Msimu huanza mwanzoni mwa Novemba na kuendelea hadi Machi, kisha huja mashindano ya taifa ya timu 68, ambayo fainali yake ya wanaume huchezwa mwanzoni mwa Aprili.

Kwa mara ya kwanza, nakushauri mechi ya Novemba au Desemba dhidi ya chuo kidogo. Tiketi ni nafuu, na ukumbi unajaa vya kutosha kukupa ladha. Wanafunzi wakiwa likizo ya Krismasi viti huwa vingi zaidi. Mechi za watani, kama Kentucky na Louisville au Duke na North Carolina, ziache kwa mwaka mwingine. Bei hupaa, na mgeni hapati nafasi ya kujifunza jengo katikati ya fujo ile.

Njia nyingine nzuri sana kwa familia kubwa ni usiku wa kufungua mazoezi mwezi Oktoba. Kentucky huuita Big Blue Madness na hufanyika Rupp Arena. Kansas huuita Late Night in the Phog, Allen Fieldhouse. Kuna muziki, wachezaji wanatambulishwa, kuna mchezo mfupi, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mechi. Na Lexington usisahau timu ya wanawake: wao huchezea Memorial Coliseum, jengo la 1950 lililokarabatiwa na kufunguliwa tena 2024. Ni dogo kuliko Rupp, kila kiti kiko karibu, na kwa mtoto wa kike anayeanza kucheza sioni mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Angalia saa pia. Televisheni hutangaza mechi kwa saa za mashariki. Lexington, Louisville, Columbus na Syracuse zinafuata saa hizo, lakini Iowa City, Lawrence, Nashville na Minneapolis ziko saa moja nyuma. Tiketi yenyewe huandika saa ya mji wa mechi; ifuate hiyo.

Hatua ya tatu: chagua kiti

Fungua ramani ya viti ya ukumbi wenyewe, usitegemee picha ndogo ya muuzaji. Tafuta mambo matatu: mistari ya katikati iko sehemu zipi, wanafunzi wanakaa wapi, na milango iko juu au chini ya viti.

Kwa kuuelewa mchezo, pembeni kwenye kona ya juu ni bora kuliko chini nyuma ya goli. Kutoka juu unaona wachezaji wanavyojipanga na nani ameachwa wazi. Lakini ipo sababu moja ya kukaa nyuma ya goli, nayo inatuhusu. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alidaka ribaundi 28, yaani mipira iliyorushwa ikakosa goli, katika mechi moja ndani ya Rupp Arena, Desemba 2021 dhidi ya Western Kentucky, rekodi ya ukumbi huo. Msimu ule alipata wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, na 2022 akatajwa mchezaji bora wa vyuo wa taifa zima. Kazi ya namna ile, mabega, viwiko, kujua mpira utaangukia wapi kabla haujagonga chuma, haionekani vizuri kutoka pembeni. Ionekane wapi? Nyuma ya goli, safu za kumi hadi ishirini hivi, juu ya vichwa vya wapiga picha. Kijana anayecheza karibu na goli mpeleke huko.

Usinunue karibu na wanafunzi kama una wazee au watoto wadogo. Rupp Arena ina eneo la wanafunzi wanaosimama nyuma ya goli moja. Aliyekaa nyuma yao itambidi naye asimame. Tiketi za wanafunzi hazimruhusu asiye mwanafunzi, hata ukiuziwa na mwanafunzi mwenyewe, na mlangoni huombwa kitambulisho.

Mwenye kiti cha magurudumu, mkongojo au ugumu wa kupanda ngazi ana haki ambayo wengi wetu hawaijui. Sheria ya ADA, ile ya haki za watu wenye ulemavu, inaulazimisha ukumbi uuze viti vinavyofikika katika ngazi mbalimbali za bei, sio vya ghali peke yake. Anayenunua kiti hicho anaweza kununua hadi vitatu vingine vya kupakana kwa ajili ya watu wake, vikiwepo. Wala hawaruhusiwi kumdai cheti cha daktari kuthibitisha ulemavu. Piga simu ofisi ya tiketi, useme unahitaji kiti kisicho na ngazi, na utaje mko wangapi. Kiingereza kikiwa kizito, mpe kijana wako azungumze, lakini wewe uwe umeshamwambia maneno hayo matatu: bila ngazi, watu wangapi, bei gani.

Hatua ya nne: nunua

Anza na ukurasa wa tiketi wa chuo chenyewe. Zikiisha ndipo uende kwenye soko la kuuziana, kama StubHub au SeatGeek. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali inawataka wauzaji wa tiketi waonyeshe bei kamili, pamoja na ada za lazima, tangu mwanzo. Ukiona bei inapanda ghafla ukurasa wa mwisho, ondoka.

Kwa mechi ya kawaida ya katikati ya wiki, bei kwenye soko hilo mara nyingi hushuka siku yenyewe. Kama mko wawili, subirini. Kama ni familia ya watu sita wanaotaka kukaa pamoja, msisubiri. Viti sita mfululizo huisha mapema.

Hapa nataka kusema kwa uzito. Usinunue tiketi kwa mtu usiyemjua katika kundi la WhatsApp au Facebook, ukamtumia pesa kwa Zelle au Cash App. Pesa hizo zikienda hazirudi. Watu wetu huaminiana kwa sababu ya lugha na nyumbani kumoja, na matapeli wanalijua hilo. Hata picha ya tiketi haina maana, kwa sababu tiketi nyingi za simu hubadilisha alama yake kila sekunde chache. Picha ya skrini haitakuingiza. Muuzaji wa kweli anaweza kukuhamishia tiketi ndani ya akaunti yako. Asipoweza, asante na kwaheri.

Ulizia pia umri wa watoto. Kumbi nyingine zinamruhusu mtoto wa kupakatwa aingie bure, nyingine zinadai tiketi kwa kila kichwa. Majibu yako kwenye ukurasa wa ukumbi, na yanatofautiana hata kati ya timu ya wanaume na ya wanawake wa chuo kimoja.

Hatua ya tano: kabla ya kutoka nyumbani

Begi ndilo linalowarudisha watu wengi kwenye gari. Kumbi nyingi za vyuo sasa hukubali begi la plastiki angavu tu, lisilozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, au pochi ndogo ya mkononi ya inchi 4.5 kwa 6.5, upana wa kiganja. Mkoba wa kawaida wa mama haupiti. Vifaa vya mtoto mchanga na dawa kwa kawaida huruhusiwa baada ya kukaguliwa, lakini pitia mlango wenye alama ya huduma ya afya au ulize. Nunua begi angavu moja dukani, litawafaa msimu mzima.

Pakua tiketi kwenye simu ukiwa bado nyumbani, kwa sababu watu elfu ishirini wakisimama mahali pamoja mtandao unakuwa mzito. Chaji simu ijae. Kama tiketi zote ziko kwenye simu yako, muingie pamoja, la sivyo mhamishie kila mtu ya kwake. Beba kadi, maana kumbi nyingi hazipokei noti wala sarafu.

Mavazi: koti zito la Januari ni shida ndani. Hakuna pa kuliweka na kiti ni chembamba. Vaa sweta mbili na koti jepesi, isipokuwa unatembea mbali kutoka kwenye maegesho. Katika kumbi za barafu usivue yote. Baridi hupanda kutoka sakafuni, hasa safu za chini.

Hatua ya sita: ndani ya ukumbi

Fika dakika 60 kabla. Utaona wachezaji wakipasha misuli, na hapo ndipo watoto husogea karibu kabisa na kiwanja kabla wahudumu hawajawarudisha.

Mechi ya wanaume ina vipindi viwili vya dakika 20. Ya wanawake ina robo nne za dakika 10. Mapumziko ya kati ni dakika 15. Timu ina sekunde 30 za kurusha, na mchezaji akifikisha faulo tano anatoka. Kwa saa ya ukutani, tenga saa mbili na robo.

Siri ya kwenda chooni au kununua chakula ni hii. Katika mechi ya wanaume, mchezo husimama kwa ajili ya matangazo ya televisheni mara ya kwanza mpira unapokufa baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 za kila kipindi. Angalia ubao. Ikisoma 12:20, simama tayari. Mpira ukisimama, nenda, foleni haijajaa. Wakati wa mapumziko ya kati ndipo kila mtu anakwenda, na utakosa mwanzo wa kipindi cha pili. Ukirudi, mhudumu anaweza kukuzuia juu ya ngazi mpaka mpira usimame tena. Hakuonei, analinda wanaotazama.

Chakula ni ghali na kingi chake ni soseji, bisi, na chipsi za mahindi zenye jibini. Soseji inaweza kuwa na nguruwe. Uliza kila kibanda, usidhani. Bisi na mkate wa chumvi uliosokotwa ni salama kwa wengi.

Kwa Waislamu kuna jambo la kupanga mapema. 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kilele cha msimu. Mechi ya saa moja usiku Lexington mwezi Februari inakuja baada ya magharibi, kwa hiyo futuru hapo karibu kisha ingia. Lakini Ramadhani ikiendelea baada ya saa kusogezwa mbele mwezi Machi, kama 2026, jua huchelewa na adhana itakukuta kitini. Chakula cha nje kwa kawaida hakiingii. Waandikie huduma ya wageni ya ukumbi siku kadhaa kabla, waeleze kwamba unafunga na unaomba kuingia na tende chache kwenye mfuko angavu na chupa ya maji iliyofungwa. Waombe wakujibu kwa maandishi, na uwe na jibu hilo kwenye simu mlangoni. Uliza pia kama kuna chumba tulivu unachoweza kuswalia. Kumbi kadhaa mpya zina vyumba vya utulivu vilivyotengwa kwa wanaozidiwa na kelele, na mhudumu mwema anaweza kukuelekeza.

Mwanzoni huimbwa wimbo wa taifa. Watu husimama na kuvua kofia. Mengine ya chuo, nyimbo, mikono, kupiga makofi kwa zamu, yafuate tu. Wenyeji hupenda kumfundisha mgeni, na kuuliza jirani yako wanaimba nini ni njia nzuri ya kuanza mazungumzo.

Hatua ya saba: kuondoka

Ulipoegesha, piga picha ya jina la jengo, ghorofa na nambari ya safu. Kama maegesho yanalipiwa kwenye mashine, lipa kabla ya kurudi garini. Kubaliana na familia mahali pa kukutana ndani ya ukumbi, chini ya alama ya sehemu fulani, si nje kwenye giza na baridi. Mtoto mdogo aandikiwe nambari yako ya simu kwenye karatasi mfukoni.

Kama unategemea Uber, tembea mitaa mitatu au minne mbali na ukumbi kabla ya kuita. Bei hupungua na dereva hukupata haraka. Mwenye gari lake anaweza kubaki kitini robo saa huku umati ukipungua.

Ukifika nyumbani usiifute tiketi kwenye simu mara moja. Kofia au glavu ya mtoto ikiwa imebaki, huduma ya wageni kesho yake watakuuliza sehemu, safu na nambari ya kiti, na zote ziko pale.